Acha kunung'unika, jifunze kulalamika: niliyoyasikia kwenye sauti zangu za miezi 16

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome akitulia.

Jioni moja nilikuwa natafuta namba ya malipo ambayo nilijua niliwahi kuitaja kwenye ujumbe wa sauti niliomtumia rafiki yangu. Sikukumbuka ni lini. Nikaanza kurudi nyuma, nafungua sauti moja moja, nasikiliza mwanzo wake, naruka. Dakika tatu, dakika saba, dakika mbili. Baada ya sauti kama kumi hivi nikaisahau kabisa hiyo namba, maana kila niliyofungua ilianza vilevile: pumzi ndefu, halafu "Yaani we acha tu." Sauti ya Februari na sauti ya Septemba ungezibadilishana nisijue. Ratiba ya zamu imechelewa tena. Msimamizi hajali. Wenzetu wale wanapendelewa. Namalizia na "basi, tutafanyaje," na rafiki yangu anajibu, "Pole sana, Mungu atafungua njia."

Nilirudi nyuma hadi miezi 16. Miezi 16 ya jambo lile lile. Kilichonichoma ni hiki: katika muda wote huo nilikuwa nimemweleza rafiki, ndugu, jirani wa kiti kwenye gari, hata fundi aliyekuja kunitengenezea kitasa. Mtu mmoja tu hakuwahi kusikia neno langu hata moja kuhusu ratiba ile, naye ndiye anayeipanga.

Tangu usiku ule nimelifikiria sana hili jambo la kulalamika, nimesoma, nimejaribu kwa vitendo, na leo naleta nilichokipata.

Kwanza maneno. Tunasema kulalamika, kulalama, kunung'unika, kulaumu, kuteta, kulia shida, tunayatupia kapu moja. Lakini nenda mahakamani. Pale kuna mtu anaitwa mlalamikaji, na hilo ni jina la mtu aliyesimama akahesabiwa. Anatakiwa aseme anamlalamikia nani, kwa jambo gani, lilitokea lini, ana ushahidi gani, na anaomba nini. Kimoja kikikosekana, shauri linayumba. Mnung'unikaji hana hata kimoja. Yeye ana "hawa watu," ana "siku hizi," ana "kila mara." Hana mlalamikiwa, hana tarehe, hana ombi. Shauri la namna hiyo linasikilizwa miaka na miaka na hukumu haitoki, kwa sababu halijawahi kufunguliwa.

Kwa hiyo naona wanaotuhubiria "acha kulalamika ufanikiwe" wamekosea kitenzi. Cha kuacha ni kunung'unika. Kulalamika tujifunze upya, kwa sababu wengi wetu hatukujui.

Sasa kwa nini kunung'unika kunatunasa? Kwa sababu kunaleta nafuu. Tusidanganyane, kunaleta. Nikisema "acha niseme nipumue," kweli napumua. Ila nafuu ile haikai, na kesho yake mzigo uko palepale, pengine umeongezeka. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio lililowashughulisha wanafunzi 600. Waliudhiwa kwa makusudi: insha zao zilikosolewa kwa maneno makali. Kisha baadhi wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakaupiga wakifikiria afya ya miili yao, na kundi la tatu wakakaa kimya dakika mbili bila kufanya kitu. Waliopiga wakimfikiria adui ndio waliotoka na hasira kubwa kuliko wote. Waliokaa kimya ndio waliotulia zaidi. Tumezoea kusema hasira ni mvuke, ukifungua kifuniko inatoka. Jaribio lile linaonyesha kwamba ukiirudia akilini unaongeza kuni.

Mwingine ni Susan Nolen-Hoeksema. Huyu alikuwa amewajazisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford dodoso kuhusu hali zao za moyo na namna wanavyozichukulia huzuni zao. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko kubwa la ardhi likapiga eneo la San Francisco. Hakuna aliyelipanga, lakini likampa nafasi ambayo mtafiti haipati mara mbili: ana vipimo vya kabla, anaweza kupima baada. Akawarudia wale wanafunzi siku 10 baadaye na tena wiki saba baadaye. Waliokuwa na tabia ya kuyarudiarudia machungu kichwani ndio walioonyesha dalili zaidi za sonona, hata ukishazingatia hali waliyokuwa nayo kabla. Tetemeko moja, na walioendelea kutikisika ni wale waliokuwa na desturi ya kulizungusha jambo bila kulifikisha popote.

Hapo nikajitambua. Zile sauti zangu hazikuwa mazungumzo, zilikuwa mazoezi. Kila nilipoisimulia habari ya ratiba niliisimulia vizuri zaidi, kwa ushahidi zaidi, na polepole habari yenyewe ikabadilika. Februari nilikuwa nasema "ratiba imechelewa." Septemba nilikuwa nasema "sisi watu kama sisi hatuwezi kusikilizwa." Mnaona nilipofika? Kutoka kwenye karatasi inayochelewa hadi kwenye hukumu juu ya maisha yangu yote. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Julian Rotter alichapisha kipimo cha kuangalia mtu anaamini mambo yake yanaongozwa na nani: juhudi zake mwenyewe, au bahati na watu wenye nguvu. Mimi ratiba ya zamu ilikuwa imenihamisha upande bila mimi kuhisi.

Basi nikaamua. Nilikuwa nimesoma habari za mchungaji mmoja wa Kansas City, Will Bowen, ambaye mwaka 2006 aliwapa waumini wake bangili za mpira za zambarau: uvae mkono mmoja, ukilalamika uihamishe mkono wa pili na uanze kuhesabu upya, mpaka utimize siku 21 mfululizo. Mimi nilivaa mpira mwembamba wa kufungia karatasi. Siku ya kwanza, kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimeuhamisha mara tisa, na mkono umeanza kuwasha. Hali ya hewa. Mtandao wa simu. Mtu aliyetembea taratibu mbele yangu kwenye ngazi. Sikuwa nimewahi kujiona mlalamishi, nilijiona mtu mkweli.

Zoezi lile ni kioo kizuri, nalipendekeza kwa siku chache. Ila lina hatari mbili na nizitaje. Moja, hizo siku 21. Chimbuko la namba hii kwa kawaida hutajwa kuwa ni daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Yeye alisema "angalau," watu wakalidondosha neno hilo njiani. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, walikuta wastani wa kati wa siku 66, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi siku 254. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 na bado unanung'unika, hujashindwa kitu.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Wiki ya pili mpira haukuhama hata mara moja kwa siku mbili nzima, nikajisifu. Kumbe nilikuwa nimefunga mdomo tu. Ratiba iliendelea kuchelewa, mimi naendelea kuichukia, ila sasa kimya kimya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuacha kunung'unika bila kuweka kitu mahali pake ni kuziba moshi na kuuacha moto.

Nikaweka daftari. Kila nung'uniko lililokuja mdomoni niliandika nani anaweza kulibadilisha, na ninamwomba nini hasa. Mara nyingi jibu la swali la kwanza lilikuwa "hakuna." Mvua haina msimamizi. Epictetus, yule mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa yapata mwaka 50, alijenga mafundisho yake yote juu ya kutenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwa, na nilipoona mistari mingapi ya daftari langu inaishia kwenye "hakuna," nilianza kuiacha ipite bila hata kujilazimisha. Iliyobaki ilikuwa michache. Ratiba ilikuwa mmojawapo.

Ujumbe kwa msimamizi ulinichukua jioni mbili. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "siku zote" mara tatu na "hamjali" mara mbili. Nikaifuta. Uliokwenda ulikuwa huu:

"Habari za kazi. Naomba kuzungumzia ratiba ya zamu. Katika wiki nne zilizopita tumeipata Jumapili usiku mara tatu, na zamu ya kwanza inaanza Jumatatu alfajiri, hivyo mwenye mtoto anakosa muda wa kupanga atamwacha na nani. Naomba iwe inatoka Alhamisi. Kama kuna kinachoichelewesha ambacho naweza kusaidia, niko tayari."

Akanipigia simu baada ya saa moja. Alikuwa anasubiri majina ya walio likizo kutoka kitengo kingine, na majina yalikuwa yanamfikia Jumamosi. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Mbona hamkuwahi kusema?" Tangu wiki iliyofuata ratiba inatoka Ijumaa. Niliomba Alhamisi, nikapata Ijumaa.

Niliomba na la pili, kuhusu mgawanyo wa zamu za usiku. Hilo alikataa, kwa maneno mawili. Na niwaambie kitu ambacho sikukitegemea: ile hapana iliyonyooka ilinipumzisha kuliko "pole" mia moja. Nilijua sasa nimesimama wapi. Nikaanza kutafuta uhamisho badala ya kutafuta wasikilizaji.

Karibuni tuchangie.

#2 Mpitanjia

Mkuu, umeandika kwa moyo na nimeusoma wote. Ila nina neno, na nalisema kwa heshima.

Hii habari ya "acha kulalamika" mimi nimeisikia zaidi kwa watu wanaofaidika na ukimya wangu. Nilifanya kazi mahali tuliposainishwa saa nane na kufanyishwa kumi na moja, na kila mkutano uliishia na hotuba ya fikra chanya. Aliyeuliza kuhusu saa za ziada aliambiwa ana roho ya lawama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha kwa kuogopa kuitwa walalamishi. Na wewe msimamizi wako alikuwa muungwana. Wangapi wamewapelekea wakubwa ujumbe wa adabu kama wako wakatafutiwa kosa wiki ile ile? Usije ukatufanya tuamini kwamba aliyekandamizwa kosa lake ni kutojua kuandika ujumbe.

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu Mpitanjia, nashukuru, na hapo sina ubishi. Ukimlazimisha mtu anyamaze halafu ukauita unyamavu huo fikra chanya, umemwibia mara mbili. Ndiyo sababu nimeng'ang'ania kuyatenganisha maneno. Aliyeuliza kuhusu saa za ziada hakuwa na roho ya lawama. Alikuwa mlalamikaji: ana jambo, ana tarehe, ana mtu anayepaswa kujibu. Waliompa jina baya walijua kabisa tofauti, ndiyo maana walimwogopa yeye na hawakuwaogopa mliokuwa mnanong'ona chooni.

Ngoja nikupe mfano wa mahali walipolielewa hili. Katika viwanda vya Toyota kuna mfumo unaoitwa andon, jina la taa ya karatasi ya Kijapani. Juu ya mstari wa kuunganisha magari kwa miaka mingi imepita kamba, ingawa baadhi ya viwanda vyao sasa vinatumia kitufe. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, skrubu isiyokaza au mlango usiofunga sawa, anaivuta. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja pale alipo, na kama tatizo halikutatuliwa kwa muda uliopangwa, mstari unasimama. Fikiria gharama ya kusimamisha mstari mzima! Na bado wanataka kamba ivutwe, kwa sababu kasoro iliyopita kimya leo itawarudia ikiwa gari zima.

Kamba ile ndiyo ninayoita kulalamika. Ina mahali pake, ina muda wake, inamfikia anayehusika, na inasema kasoro ni ipi. Mfanyakazi anayeiona skrubu mbovu akaiacha ipite, halafu saa ya mapumziko akasema "magari ya hapa siku hizi mabovu," huyo ndiye mnung'unikaji.

Na penye mkubwa mbaya, ujumbe wa mtu mmoja hautoshi, hilo kweli. Pale panahitaji watu watano wenye tarehe zilizoandikwa, na mtu wa kuwasimamia anayejua sheria ya kazi. Lakini angalia: hata hao watano hawapatikani kwa kunung'unika. Tunaweza kunung'unika pamoja miaka kumi na siku ya kusaini barua kila mmoja akawa na udhuru. Miezi yangu 16 nilikuwa na wenzangu sita wanaonung'unikia ratiba ileile, na hakuna aliyeandika hata tarehe moja ya siku ilipochelewa. Mimi nilipotaka kuandika "mara tatu katika wiki nne" ilibidi nirudi kwenye zile sauti zangu kuhesabu.

#4 Mpitanjia

Hapo kwenye tarehe umenigusa. Sisi tulipofika kwa mwanasheria swali lake la kwanza lilikuwa "mna rekodi?" Tulikuwa na hasira tu, rekodi hatuna. Tulianza upya.

#5 Mama Wawili

Jamani naomba niulize upande mwingine. Mimi si mlalamikaji sana, mimi ni yule anayelalamikiwa, simaanishi nimekosa, namaanisha ninayeletewa. Mdogo wangu ananipigia kila jioni kuhusu mume wake. Nampenda, namsikiliza, namwambia pole, na nikikata simu kichwa kinaniuma na namchukia shemeji ambaye kwangu hajanikosea kitu. Asubuhi yeye anaamka wamepatana, mimi bado nimenuna. Nifanyeje bila kumfanya aone nimemtupa?

#6 Mwanzisha uzi

Dada, swali lako ni zito kuliko uzi wenyewe. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Amanda Rose alichapisha utafiti kuhusu watoto na vijana marafiki ambao mazungumzo yao ni kuzungusha matatizo, wanarudi palepale, wanachokonoa palepale. Aligundua mambo mawili yanayokwenda pamoja: urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na dalili za huzuni na wasiwasi zilikuwa nyingi zaidi. Ndiyo ugumu wenyewe. Kile kinachowaunganisha ndicho kinachowadidimiza, kwa hiyo ukikiacha unahisi unamwacha mtu.

Sitaki kukupa maagizo ya nyumba yako. Nitakuambia tu nilichomwomba rafiki yangu anifanyie, baada ya kumkiri zile sauti. Nilimwomba akinisikia naanza, aniulize: "Unataka nikusikilize, au unataka tutafute njia?" Basi. Kuna siku nilijibu "nisikilize tu," akanisikiliza, na haikuwa kosa. Lakini lile swali lilikuwa linanifanya nijue ninachofanya. Na siku nyingine nilifungua mdomo nikakuta sina jibu la lolote kati ya hayo mawili, nikacheka, tukaongea mengine.

Muhimu umuulize siku ambayo hana shida, mkiwa mmekaa vizuri. Ukimuulizia katikati ya kilio ataona umemchoka.

#7 Fundi Saa

Hoja nzuri, lakini kichwani mwa haya mambo kila siku huwa kuna neno mafanikio. Mkuu, umefanikiwa nini? Ratiba kutoka Ijumaa ndiyo utajiri?

#8 Msomaji wa Usiku

Mimi nilifiwa na mama mwaka jana. Watu walinivumilia kwa wiki mbili, baada ya hapo nikiongea habari zake naambiwa nijipe moyo, nisilalamike, yaliyopita si ndwele. Nasoma uzi huu najiuliza kama na mimi ninanung'unika.

#9 Mwanzisha uzi

Nianze na wewe Msomaji wa Usiku. Pole, na sisemi pole ya kufunga mazungumzo. Hapana, hunung'uniki. Kumlilia mama si lalamiko wala nung'uniko, ni kilio, na kilio hakidaiwi tarehe wala ombi. Waliokuambia yaliyopita si ndwele walikuwa wanajitibu wao, kwa sababu huzuni yako iliwatisha. Ongea habari za mama yako kwa anayeweza kuzisikia. Na kama wamekuishia, andika. James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, tukio na hisia zake pamoja. Siku za kuandika walitoka na huzuni zaidi, wala hilo halikufichwa. Lakini miezi iliyofuata waliokuwa wameandika tukio na hisia walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Maelezo aliyokuja kuyaendeleza Pennebaker ni kwamba kuandika kunakulazimisha upange: kitu kilianza, kikaendelea, kikafika mahali. Nung'uniko halina mpangilio huo, linazunguka. Wewe utajua tu, ukimaliza kuandika, kama umesogea hata hatua moja.

Fundi Saa, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Sijatajirika. Kilichobadilika ni hiki. Kwanza muda: nilijumlisha sauti za mwezi mmoja tu, nikapata saa tano na dakika kadhaa. Saa tano kila mwezi za kusimulia jambo moja! Nilizihamishia kwenye kozi niliyokuwa nasema sina muda nayo. Pili, watu kazini walianza kuniamini kwa jambo la maana. Msimamizi yule yule aliyenikatalia zamu za usiku ndiye aliyeniweka kwenye kikundi cha kupanga utaratibu mpya, na alinieleza sababu: nilimletea tatizo likiwa na mkia na kichwa. Tatu, na hili ndilo ninaloliita mafanikio kuliko yote, nimeanza kutofautisha "haiwezekani" na "sijauliza." Ukikaa miaka unaviona kitu kimoja, milango mingi unaipita bila hata kuigusa kitasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema hivyo tangu utoto, lakini ufa hauzibwi kwa kuusimulia.

Na kwa wanaouliza njia ya kuanza, ushauri wangu ni mmoja na mdogo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia ya jumla inatusaidia kidogo, inayoshika zaidi ni nia iliyofungwa kwenye alama: likitokea hili, nitafanya lile. Usijiambie "kuanzia leo silalamiki." Mimi alama yangu ni maneno "kila mara." Nikijisikia nayasema, hapo hapo nataja tarehe ya mara ya mwisho. Jaribuni. Nusu ya manung'uniko yangu yalikufa pale pale kwa kukosa tarehe. Nusu ya pili yakawa malalamiko ya kweli, na nikajua pa kuyapeleka.

#10 Mama Wawili

Nimerudi baada ya siku 12. Nilimuuliza mdogo wangu lile swali Jumamosi, tumekaa tunakunja nguo. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikajuta. Halafu akasema, "Dada, mimi nilidhani wewe ndiye unayependa kujua." Kumbe alikuwa ananiletea habari kwa sababu kila akipiga nauliza "vipi, huyo bwana leo kafanya nini?" Swali lilikuwa langu mimi. Siku hizi nauliza habari za watoto na za kazi yake, na simu zetu zimekuwa fupi, za furaha. Juzi alilia kuhusu jambo zito kweli, nikalisikia vizuri kwa mara ya kwanza kwa sababu sikuwa nimechoka.

#11 Msomaji wa Usiku

Nimeandika siku tatu. Ya nne ni leo.

#12 Mwanzisha uzi

Mama Wawili, Msomaji wa Usiku, asanteni kwa kurudi. Na mimi nilibakiza jambo moja, sikuwa na uhakika kama ni la kuweka hapa. Nimemwomba ruhusa mwenyewe, amekubali.

Ni huyu rafiki yangu wa zile sauti. Mwezi wa pili tangu nianze zoezi nilimtumia sauti fupi, dakika moja na nusu, haina ratiba ndani yake wala msimamizi. Nilimsimulia nilichojifunza kwenye kozi, mwishoni nikamuuliza, "Na wewe?" Nilikuwa nimemuuliza hivyo mara nyingi miaka yote, lakini ilikuwa "na wewe" ya kuagana, hata jibu silisubiri.

Siku hiyo hakujibu mpaka usiku. Sauti ilipokuja ilikuwa na dakika 11, na yeye si mtu wa sauti ndefu. Alianza kwa kuniambia kazi ilikwisha tangu Mei. Tulikuwa Oktoba. Miezi mitano hana kazi, na katika miezi hiyo amenijibu "pole sana, Mungu atafungua njia" kuhusu ratiba ya zamu ya kazi ambayo mimi ninayo. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema alijaribu mara mbili, kila akijipanga kuanza ananikuta nimeshaanza.

Nilizirudia zile sauti kutafuta hizo mara mbili. Moja nimeipata. Ni ya Juni. Anasema, "Na mimi huku nina kitu nataka nikwambie," halafu, kwa kuwa ilikuwa simu tuliyorekodi kwa bahati tu, inasikika sauti yangu juu ya yake: "Subiri, kwanza nikumalizie hii."

Ile ya dakika 11 niliisikiliza mara mbili kabla ya kumpigia. Tuliongea mpaka saa saba usiku. Nilikuwa na daftari, naandika: nani anaajiri kwenye fani yake, nani tunamfahamu huko, barua gani haijajibiwa na tangu lini. Barua tatu zilikuwa hazijajibiwa. Kesho yake asubuhi alizifuatilia zote, moja baada ya nyingine, mimi nikiwa kwenye simu.